Mkwaju Kumi na Sita

Saa kumi alasiri, Desemba, Dundee imeshafumba macho.
Ukungu umetoka mtoni Tay, ukapanda Hilltown,
ukalamba madirisha, ukakaa.
Daktari Rennie amesimama begani pangu na kikombe chake.
"Hilo wingu lako," anauliza, "liko upande gani?"
Namwambia ni ghala la mashine, mahali fulani London,
zinanguruma, zinapepewa kwa feni,
nasi tunapanga humo kipande, kwa saa.
"Kumbe wapangaji," anasema. Basi.
Anarudi kwenye miguu ya watu.

Maana sisi ni zahanati ya miguu:
watu kumi na mmoja, faili elfu tatu,
kucha zilizozama nyamani, nyayo zilizokufa ganzi kwa sukari.
Nani ataiba kisigino cha mtu?
Lakini siri ya mguu nayo ni siri,
na mimi ndiye niliyepewa kuijengea nyumba.

Nikaanza na kiwanja:
kumi nukta sifuri, nukta sifuri, nukta sifuri,
mkwaju kumi na sita.
Mkwaju usiozaa ukwaju, mstari tu ulioinama,
ukanipa anwani elfu sitini na tano na ushee.
Nikajiona tajiri.

Mbele nikaweka baraza:
wageni waketi hapo, waone saa za kazi, waombe miadi.
Nyuma nikaweka ua usio na mlango wa barabarani;
faili zimelala humo kama nguo za ndani kambani,
apitaye njia asizione.
Zikitaka kitu cha nje, kiraka kipya cha programu,
zinamtuma mtoto dukani:
anakwenda, analeta alichotumwa,
na muuza duka hajui anakoishi.

Kisha bawabu.
Mlango mia nne arobaini na tatu: karibu.
Mlango ishirini na mbili: mimi tu, kutoka dawati hili.
Wengine wote, kimya.
Mama alinifunza: hodi tatu, usipojibiwa, rudi.
Huyu bawabu hasemi "hatupo," hakohoi,
hasogezi hata pazia;
na wabishaji wa usiku, wasio na mikono,
wanabisha mara elfu wala hawana haya.

Saa moja usiku nikataka kuiunganisha nyumba hii
na ile ya tawi la Arbroath, niliyoijenga mwezi Machi.
Ikakataa.
Nikakagua njia. Ikakataa.
Nikamlaumu bawabu, nikamfukuza, nikamrudisha.
Ikakataa.
Nikaifungua ile ya Machi, nikasoma kiwanja chake:
kumi nukta sifuri, nukta sifuri, nukta sifuri,
mkwaju kumi na sita.
Mkono wangu mwenyewe.
Nyumba mbili, anwani moja; barua isijue iende wapi.

Nikacheka peke yangu, feni ya kompyuta ikinisikiliza.
Kwenye ngazi zetu, Lochee Road, mtu wa posta haoni tofauti
ya ghorofa ya pili kushoto na ya pili kulia.
Ndivyo nilivyomjua Petrie: alikuja na barua yangu ya viza,
keshaifungua kwa bahati mbaya, uso umemwiva,
akanitamkia kabla sijaishika: "Wamekubali."
Watu wakigongana anwani huanza kusalimiana.
Mashine hazina hisani hiyo.

Nikabomoa. Baraza, ua, bawabu, mtoto wa dukani,
kwa kitufe kimoja na swali moja: Una hakika?
Sikuwa nayo. Nikabonyeza.
Kumi nukta ishirini, safari hii.
Mkwaju ule ule.

Saa nne na robo Arbroath ikaitika.
Faili ya kwanza kuvuka ilikuwa ya bibi mmoja, vidole tisa.

Nyumbani, kwenye zulia la mlangoni, bili ya gesi, si yangu.
Nikavuka ngazi, nikagonga upande wa kulia, mara tatu.
Ndani, mtu akakohoa.